Kantini ya mama pale Majengo: kwake wema haudaiwi mara mbili

Watu wananiuliza kila mara ni wapi nanunuliaga vitu vya nyumba hapa Goma, na kila mara najibu ile ile, ku kantini ya mama mmoja pale Majengo, na wanashangaa juu wanajua kama bei yake haiko chini kupita soko Virunga wala Birere. Ni kweli haiko chini. Kilo ya sukari kwake inazidi ya Birere kidogo, sabuni vilevile, na kama uko na familia kubwa na pesa iko mukononi mwanzo wa mwezi, panda moto, ile pikipiki ya taksi, uende ku depo ununue gunia, utaokoa kitu. Lakini kuna kitu kingine ambacho watu hawapimiaki duka nacho na mimi naona ndicho kikubwa, yaani namna duka linakupa nyongeza, namna linakukopesha, namna linakufanyia servisi, na halafu namna mwenye duka anakutazama kesho yake. Juu hapa kwetu mutu hanunui unga peke yake, ananunua pia nafasi ya kwenda siku moja mikono mitupu aseme mama unisaidie, na akisaidiwa aweze bado kupita mbele ya ile mulango kichwa juu.

Nianze na matabishi. Mutu yeyote anayejua masoko ya Kongo anajua, ukipimiwa unga wa mihogo ao maharagi na lile kopo la Guigoz, la maziwa ya unga, ambalo wamama wote wanapimia, muuzaji akimaliza anakutilia kidogo juu, na asipotilia unadai mwenyewe, mama na matabishi iko wapi? Hakuna karatasi iliyoandika hiyo lakini ni haki ya kliya na muuzaji mwenyewe anajua ni haki. Sasa sehemu mingi matabishi inaendaka kwa sura. Umevaa vizuri, unatiliwa mukono muzima juu wanataka urudi. Uko shemeji wa mwenye duka, kopo linajazwa mpaka linamwagika. Uko mutoto umetumwa na mama yako, unapewa kavumbi tu, ao hupewi kabisa na hauwezi kusema kitu juu uko mutoto, halafu ukifika nyumbani mama anakugombeza kama vile ni wewe uliyekula. Na nisiongee kuhusu yale makopo yaliyogongwa chini mpaka yakaingia ndani, unapimiwa kopo kumbe nusu yake ni hewa.

Kwa huyu mama wa Majengo kuna kikombe kidogo cha plastiki kimefungwa na kamba pale pale ku gunia. Kopo moja, kikombe kimoja juu. Makopo mawili, vikombe viwili. Ukuje na gari ukuje na miguu, ni kile kikombe. Nilisha kuona katoto kadogo kamelipa kakaanza kukimbia na sashe yake, mama akakaita, we mutoto rudi, umesahau yako, kakarudi akakatilia kikombe chake mbele ya watu wote. Kuna wamama wa migahawa wanaonunua mingi wanalalamika, wanasema mimi nakuletea pesa mingi kupita hawa wote, niongezee basi hata vikombe viwili vya urafiki. Anacheka nao vizuri, anawauliza habari za watoto, na anatilia vikombe vile vile vya hesabu. Wengine wamehamia depo juu ya hiyo na siwalaumu, mutu wa biashara anatafuta faida yake. Mimi lakini nimekaa kwake juu ya kile kikombe kabisa, juu najua nikimutuma mutoto wangu atapimiwa sawa na mimi.

Tufike ku deni, maana hapa ndipo penye maneno.

Anakopesha. Siyo kila mutu na siyo kila kitu, lakini anakopesha, na namna anavyofanya sijaiona pengine hapa mujini. Iko na kaye kubwa, ile ya kurasa mingi, kila nyumba iko na ukurasa wake. Ukichukua kitu anaandika tarehe, kitu, bei, halafu anakugeuzia kaye usome mwenyewe na utie saini, na kama hujui kusoma anakusomea kwa sauti ya chini na anakuita mutoto wako ao jirani unayemwamini atie saini pembeni. Bei ya deni ni ile ile ya kashi. Nasema hii kwa nguvu juu kuna maduka mengi, sitataja, ukichukua kwa deni sukari inapanda bila kuambiwa, unakuja kushitukia mwisho wa mwezi hesabu imekuwa ndefu kama barabara ya Sake na wewe huwezi kubisha juu yeye ndiye aliyekufanyia wema. Kwake haipandi.

Iko pia na mwisho. Kila ukurasa una kiasi ambacho hauwezi kupita, kimeandikwa juu kabisa, na mwalimu ana chake, muchuuzi wa sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ana chake, mutu wa pikipiki ana chake kufuatana na namna pesa yake inaingia. Ukifika pale unalipa kwanza. Hata ulie. Wamama wengine wamekasirika naye vikali juu ya hii, wanasema ana roho ngumu. Mimi sioni hivyo. Nimeona familia zilizoachiwa deni bila mwisho ku maduka mengine mpaka zikahama kartiye usiku, na mwenye duka akapoteza pesa na jirani siku moja. Huyu mama alinielezea mwenyewe siku nilipomuuliza, akasema, mutoto wangu, deni ambalo mutu hawezi kulipa mimi sijamusaidia, nimemufunga.

Kingine, ile kaye haikai juu ya meza. Inakaa chini, ndani ya sashe, na akiifungua anaigeuza ili mutu anayefuata ku mustari asione. Weye unaweza kusema ni kitu kidogo. Kuna duka moja nilikuwa napita mbele yake kila asubuhi, wao walikuwa wanabandika majina ya wenye deni ku mulango, kwa karatasi kubwa na maandishi mekundu, na ile karatasi ilikuwa inasomwa na watoto wakitoka ku masomo, wakijikuta majina ya baba zao pale. Halafu kuna ile nyingine isiyo na karatasi lakini ni mbaya kupita, mutu anakukopesha kilo mbili za muchele, unalipa vizuri kabisa, umemaliza, na miezi inapita bado anamutuma mutoto wako, we njoo unichotee maji, we njoo ufagie hapa, nani aliyewalisha wakati baba yenu hakuwa na kazi? Unakuwa umelipa kwa pesa, unalipa tena kwa jasho ya mutoto, halafu unalipa tena kwa sikio ukimusikia anawaelezea watu. Wazee walisema tenda wema nenda zako, na watu wanapenda kuitaja, lakini kwenda zako ndiyo inayowashinda. Huyu mama anaenda zake kweli. Ukilipa, anapiga mustari juu ya ukurasa mbele yako, mustari mbili na biki, na basi, imekwisha, sijawahi kumusikia hata mara moja akimukumbusha mutu. Akihitaji mutoto wa kumubebea gunia anamuita na anamulipa, kwa sauti, ili kila mutu asikie kama amelipa.

Wale waliokuwa hapa mwaka 2021 wanaikumbuka ile 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni, lava ikashuka mpaka Buhene karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, tarehe 27, gavana akatangaza kartiye 10 kati ya 18 za mji ziondoke haraka, Majengo ndani, na watu wakatawanyika, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Mama akafunga kantini akaenda kama wote. Tuliporudi mwezi wa 6 maduka mengi kitu cha kwanza ilikuwa kutafuta wenye deni, watu hata hawajafungua mizigo. Yeye alifungua mulango, akapanga vitu vyake vilivyobaki, na akangoja. Watu walikuja wenyewe, siyo wote siku moja, lakini walikuja. Na kulikuwa familia moja ya kule Buhene, nyumba yao iliungua yote, walikuwa na deni kwake. Baba alipokuja kueleza, akakuta ukurasa wao umeshapigwa mustari mbili. Mimi nilijua hii kwa wao wenyewe, miaka imepita, yeye hajawahi kuitamka.

Sasa nije ku kabini. Pembeni ya kantini iko na kabini ya M-Pesa na Airtel Money, anaifanya na binti yake. Zamani hakuna mutu aliyeijali sana. Halafu mwezi wa 1 mwaka 2025 vita ikaingia mujini, mabanki yakafunga, na kila mutu mwenye mushahara wa banki akajikuta pesa yake iko ndani ya simu ao iko ng'ambo, wengine wakawa wanavuka mupaka mpaka Gisenyi kwenda kutoa pesa yao wenyewe. Noti zikawa kidogo, na zile zilizopo zimechakaa mpaka sura imefutika. Wenye kabini wakawa wakubwa wa mji. Kutoa pesa kulikuwa kunategemea wewe ni nani, unamujua nani, na unakubali kukatwa kiasi gani, asubuhi kiasi kingine jioni kiasi kingine, na ukiuliza unaambiwa kashi hakuna, halafu mutu wa nyuma yako anaitwa ndani kwa jina anatoka na bahasha.

Mama wa kantini aliandika juu ya kipande cha kartoni kiasi anachokata, akakibandika ku dirisha, na chini akaandika pesa iliyopo leo. Ikiisha anakifuta. Alikata, ndiyo, na alikata kupita zamani, sitasema alifanya kwa bure, kashi yenyewe alikuwa anaitafuta kwa shida na kwa hatari. Lakini kilichoandikwa ku kartoni ndicho kilichokatwa, kwa mimi, kwa askari, kwa mama wa mandazi, kwa pasta. Na noti za faranga 500 zilizochoka alikuwa anazipokea wakati kabini zote zinazirudisha, bora namba isomeke na isiwe imepasuka vipande viwili. Dola hapana. Dola yenye katundu hata kama ya sindano anarudisha, na ana haki, juu yeye pia hakuna mutu atakayeipokea kwake.

Siku moja ya hizo hizo tuko ku mustari, jua kali, mulango umejaa, akafika mudogo wa bwana yake, kijana mutu muzima. Hakusalimia mutu, akapita mbele kabisa, akasema, yaya, nitolee haraka niko na safari. Akamujibu bila kuinua sauti, karibu mudogo wangu, mustari uko nyuma ya ule muzee wa kofia. Kijana akasema, yaya, hata mimi? Akasema, hata weye, kula utakula kwangu leo, lakini hapa simama na wengine. Alisimama. Nilifurahi siwezi kueleza, na siyo juu kijana aliaibika, hapana, nilifurahi juu mule ndani ya mustari kulikuwa na mama moja mzee aliyekuwa amefika tangu asubuhi na hakuna ndugu hata mmoja mahali popote, na yeye ndiye aliyefuata, na pesa ya siku ile haikuisha mbele yake.

Upendeleo unaumiza namna hiyo, hauonekani. Yule anayependelewa anaona amefanyiwa wema mudogo tu, dakika tano, kikombe kimoja cha unga. Anayelipa ile dakika tano na kile kikombe yuko nyuma, hajulikani jina.

Sasa kuna jambo ambalo mimi na huyu mama hatukubaliani na nitalisema hapa juu nilishamwambia mbele yake. Ili afungue ukurasa mupya anataka mutu wa kukusimamia, jirani mwenye ukurasa tayari. Kwa wakaaji wa zamani hiyo haina shida. Lakini mji huu umejaa watu waliokuja wakikimbia, kutoka teritware za Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, miaka ile kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilikuwa zimejaa mpaka watu wanalala juu ya mawe ya volkano, na wengine walipanga vyumba hapa Majengo. Mama amefika jana na watoto wanne, nani atamusimamia? Nilimwambia, tantini, yule ndiye anayehitaji deni kupita sisi wote. Akanijibu kama kwa yule yeye hatoi deni, anatoa kadoo, zawadi tu. Na ni kweli, nimeona akipima kopo la unga na kikombe cha mafuta ya mawese, anafunga, anasema chukua mama, hii haiandikwi. Akasema mutu ambaye hana bado kazi ukimuandika kaye unampa kitu cha kuogopa, atapita njia ingine asikutane na weye, na siku moja atakuwa na njaa na hatakuja.

Nimeifikiri sana. Nakubali nusu. Kadoo ya kwanza inapokelewa kwa furaha, ya pili kwa haya, ya tatu mutu anaona bora alale njaa, na kuna watu wengi wanaotaka kuandikwa ku kaye kama wengine, juu kuandikwa ni kuhesabiwa kama jirani. Ningependa awe na kiasi kidogo sana, hata cha makopo mawili tu, kwa mutu asiye na wa kumusimamia. Alisema ataangalia. Kama anasoma hii, mama, tunangoja.

Mengine haraka haraka. Anachaji simu wakati moto, yaani umeme, uko, kwa pesa kidogo, na simu yako inapewa kipande cha karatasi chenye namba, haijapotea hata moja ninayoijua. Anakubakizia ufunguo wa nyumba bure. Muzigo wa safari unaweza kuulaza kwake usiku moja, kupita pale anakataa juu nafasi ni ndogo. Binti yake anafunga tuzawadi twa wageni twa ndoa na komunyo ya kwanza, karanga na bonbon ndani ya kasashe kenye utepe na jina la maharusi, kazi safi kabisa na bei ya kawaida, ila umwambie mapema, wiki ya mwisho hakubali hata umubembeleze. Tuliweka oda ya komunyo ya mutoto wa ndugu yangu na wageni wote wakauliza ni nani aliyefunga.

Sambaza kavu anazo, na ni za kweli za ziwa letu, zimekauka vizuri bila muchanga. Maharagi ya Masisi mazuri, yanaiva haraka na hayamalizi makala. Unga wa mihogo unategemea mashua imeleta nini kutoka upande wa Kalehe na Idjwi, kuna wiki ni mweupe kabisa na kuna wiki una harufu, muombe akuonyeshe kwanza, hakatai. Usinunue maziwa kwake wala fromaji, moto unakatika na friji yake ni ya zamani. Nyanya pia hapana, nenda soko.

Hakopeshi mayinite ya simu, hakopeshi bia, hata umpigie magoti. Hafungui siku ya mungu, Jumapili, asubuhi. Jioni anafunga mapema juu ya usalama, giza likianza kuingia usitoke na bidoni ya mafuta ukifikiri utamukuta. Mustari ni murefu kati ya saa kumi na saa kumi na moja wakati watu wanatoka kazi, saa nne asubuhi ndiyo muzuri, hakuna mutu na anakuwa na nafasi ya kukuonyesha vitu.

Ukienda mara ya kwanza usiseme umetumwa na fulani ukifikiri utaongezewa. Leta kopo lako, salimia, simama ku mustari.